Bodi za ajira Marekani: zinavyochagua watoa mafunzo na huduma za vijana, na namna ya kujiandaa kuomba

Katika miji ya Marekani ambako wakimbizi wa Kongo na Burundi wamehamia kwa wingi, vyama vya jamii, makanisa na misikiti hufanya kila siku kazi ambayo serikali ina fedha za kuilipia: kumtafutia kijana darasa la Kiingereza, kumpeleka kwenye usaili wa kazi, kumfuatilia asiache chuo katikati. Fedha hizo hutoka Wizara ya Kazi mjini Washington, hupita kwa gavana, na kuishia kwenye bodi ya ajira ya eneo. Bodi hiyo ndiyo inayoamua nani apewe kazi. Sheria inayotawala yote haya inaitwa WIOA (Workforce Innovation and Opportunity Act). Rais Barack Obama aliisaini tarehe 22 Julai 2014, na ikachukua nafasi ya sheria ya 1998.

Mwongozo huu umeandikwa kwa viongozi wa mashirika madogo na shule ndogo wanaotaka kuomba kwa mara ya kwanza. Kila jimbo lina kanuni zake juu ya zile za shirikisho, kwa hiyo soma pia sera za jimbo lako.

Milango miwili

Watu wengi hupoteza miezi kwa kugonga mlango usio wao. Mlango wa kwanza ni wa shule inayofundisha kazi maalumu, kama uuguzi msaidizi, udereva wa malori, uchomeleaji au kompyuta. Hapa kwa kawaida bodi haikupi mkataba. Kozi yako huingizwa kwenye orodha ya jimbo ya watoa mafunzo walioidhinishwa, ambayo kila mtu ofisini huiita ETPL. Mwanafunzi aliyepitishwa na kituo cha ajira huchagua kozi kwenye orodha hiyo, na ada yake hulipwa kupitia akaunti ya mafunzo ya mtu binafsi, yaani ITA. Kuwa kwenye orodha hakukuhakikishii mwanafunzi hata mmoja.

Mlango wa pili ni mkataba wa huduma za vijana. Huu hutolewa kwa ushindani: bodi hutoa tangazo la zabuni, RFP, mashirika huleta maandiko yao ya maombi, maandiko hupewa alama, na mshindi hulipwa ili awahudumie vijana kadhaa kwa mwaka. Kwa mashirika ya jamii huu ndio wenye maana zaidi, na ndio utakaochukua sehemu kubwa ya mwongozo.

Upo pia mwanya ambao wachache huutumia. Sheria inairuhusu bodi kuacha ITA na kuingia mkataba wa mafunzo moja kwa moja na shirika la jamii lenye rekodi ya kuwafundisha watu wenye vikwazo vya kupata kazi, wakiwemo wasiojua Kiingereza. Kama una darasa linalofanya vizuri, waulize watumishi wa bodi kama mpango wao wa eneo unautambua mwanya huo.

Bodi ni nani

Wajumbe huteuliwa na kiongozi wa kuchaguliwa wa eneo, yaani meya au wakuu wa kaunti. Zaidi ya nusu lazima watoke kwenye biashara, na angalau asilimia 20 wawakilishe upande wa wafanyakazi: vyama vya wafanyakazi, programu za uanagenzi na mashirika ya aina hiyo. Waliobaki hutoka elimu ya watu wazima, vyuo, idara ya watu wenye ulemavu na maendeleo ya uchumi. Majina ya bodi hutofautiana. Louisville ina KentuckianaWorks, Chicago na kaunti ya Cook wana Chicago Cook Workforce Partnership, Dallas wana Workforce Solutions Greater Dallas. Wyoming na Vermont hazina bodi za maeneo. Bodi ya jimbo hufanya kazi hiyo. Ukiingia tovuti ya CareerOneStop ya Wizara ya Kazi na kuandika namba ya posta, utapata bodi inayokuhusu.

Kwa vitendo, RFP huandikwa na watumishi, si wajumbe. Jopo la watu kadhaa husoma maandiko na kutoa alama, kamati ya vijana (ikiwepo) hupendekeza, kisha bodi hupiga kura kwenye mkutano wa wazi. Sheria inaitaka bodi iweke hadharani kumbukumbu za mikutano, orodha ya wajumbe na taarifa za mikataba iliyotolewa. Zisome. Humo utajua nani ana mkataba sasa, unaisha lini, na kama kamati inanung'unika juu ya matokeo yake.

Mjumbe haruhusiwi kupiga kura juu ya shirika analoliwakilisha, wala juu ya jambo litakalomnufaisha kifedha yeye au familia yake ya karibu. Aliyesaidia kuandika vigezo vya zabuni naye hawezi kushindana kwenye zabuni hiyohiyo. Kwa hiyo mkurugenzi wako akialikwa «kutoa maoni kidogo» kwenye rasimu ya RFP, akatae kwa adabu. Maoni ya hadhara kwenye mpango wa eneo, ambao hutungwa kila miaka 4 na kupitiwa baada ya miaka 2, hayana shida, na ni njia nzuri ya kueleza kwamba vijana wanaojifunza Kiingereza wameachwa nyuma.

Njia ya ETPL kwa ufupi

Kwanza upate kibali cha kuendesha shule kutoka mamlaka ya jimbo inayosimamia shule binafsi za ufundi. Kozi kama za uuguzi msaidizi zina kibali chao cha ziada. Kisha unaomba kozi kwa kozi. Utaulizwa ada yote pamoja na vitabu, sare na mitihani, muda wa masomo, cheti atakachopata mwanafunzi, ushirikiano wako na waajiri, na kama kazi hiyo imo kwenye sekta zinazohitaji watu katika eneo. Kibali cha kwanza ni cha mwaka 1 tu. Baada ya hapo kozi hupitiwa angalau kila miaka 2, na bodi ya eneo inaweza kudai viwango vya juu kuliko vya jimbo. Programu za uanagenzi zilizosajiliwa huingia bila kupitia mchujo huo. Wanachotakiwa ni kusema kwamba wanataka kuwemo.

Shule ndogo huanguka kwenye mapitio ya pili. Jimbo linataka matokeo ya wanafunzi wote wa kozi ile, hata waliojilipia wenyewe, na ili kulinganisha na kumbukumbu za mishahara linahitaji namba zao za hifadhi ya jamii. Shule isiyokusanya namba hizo tangu siku ya kujiandikisha haina namna ya kuzipata baadaye. Anayetoa takwimu za uongo kwa makusudi huondolewa kwa muda usiopungua miaka 2 na kudaiwa fedha alizolipwa.

Zabuni ya vijana: anza miezi tisa kabla

Mwaka wa programu huanza tarehe 1 Julai. Bodi nyingi hutoa RFP kati ya Januari na Aprili, hutoa wiki nne hadi sita za kuandika, na hupiga kura Mei au Juni. Mkataba kwa kawaida ni wa mwaka 1 wenye nafasi ya kuongezwa, hivyo ukikosa mzunguko huu huenda ukasubiri miaka 3 au 4.

Hakikisha kwanza kwamba zabuni itakuwepo. Kanuni zinaruhusu huduma za vijana, zote au sehemu, zitolewe na mshika fedha mwenyewe, yaani taasisi inayotunza fedha za bodi, bila zabuni. Pale ambapo watoa huduma hawatoshi, hasa vijijini, bodi inaweza kumpa mmoja bila ushindani. Ohio ni kisa cha pekee: tangu Julai 2016 fedha za vijana za WIOA zimeunganishwa na za misaada ya familia maskini kwenye programu ya CCMEP. Kama uko Columbus, uliza kwanza kaunti yako inaiendeshaje.

Kati ya Oktoba na Desemba andaa haya:

- Namba ya UEI, ya kulitambulisha shirika linaloomba fedha za shirikisho, kutoka SAM.gov. Tangu Aprili 2022 imechukua nafasi ya namba ya DUNS. Hutolewa bure, anayekutoza fedha ni dalali.
- Barua ya IRS (mamlaka ya kodi) ya 501(c)(3), inayothibitisha kwamba shirika halilengi faida, taarifa zake za mwaka kwa IRS (Fomu 990) za miaka ya karibuni, orodha ya wakurugenzi, na bima.
- Mwongozo wa fedha ulioandikwa na kupitishwa na wakurugenzi: nani anaidhinisha malipo, nani anasaini hundi, saa za wafanyakazi zinarekodiwaje. Mtu mmoja asiwe anaagiza, anapokea na kulipa.
- Hesabu zilizokaguliwa. Ukaguzi mkuu wa shirikisho ni lazima kwa anayetumia dola 1,000,000 au zaidi za shirikisho kwa mwaka (kabla ya mabadiliko ya Oktoba 2024 kiwango kilikuwa 750,000), lakini bodi nyingi hudai ukaguzi wa kawaida hata kwa shirika dogo. Mkaguzi humaliza kwa miezi. RFP ikishatoka, umechelewa.
- Andiko lililoshinda mara iliyopita pamoja na karatasi za alama. Omba kwa sheria ya jimbo ya kumbukumbu za umma. Hakuna kitakachokufundisha zaidi, na ajabu ni kwamba wachache sana huomba.

Ushauri wetu kwa shirika lenye wafanyakazi chini ya watano: mara ya kwanza usiombe kama mkandarasi mkuu. Mwendee mwenye mkataba sasa, au anayejiandaa kuomba, umwombe sehemu ambayo yeye hawezi vizuri, kwa mfano kuwapata vijana wanaozungumza Kiswahili, ulezi wa mtu mzima kwa kijana, au mafunzo ya uongozi. Utajifunza mafaili na ankara kwa fedha kidogo, na mzunguko ujao utakuwa na rekodi ya kuonyesha.

Ni vijana gani wanaohesabika

Angalau asilimia 75 ya fedha za vijana za eneo lazima ziende kwa walio nje ya shule, wa miaka 16 hadi 24. Baadhi ya majimbo yamepewa ruhusa ya Wizara kuishusha. Walio shuleni ni wa miaka 14 hadi 21 na lazima wawe wa kipato cha chini.

Hapa andiko la shirika la jamii linaweza kung'ara au kuharibika. Kijana aliyeacha sekondari bila cheti anaingia bila kuthibitisha kipato. Vivyo hivyo mjamzito au mzazi, asiye na makazi, aliyekaa kwenye malezi ya serikali, aliyepita mikononi mwa sheria, na mwenye ulemavu. Lakini kijana aliyemaliza sekondari, ambaye tatizo lake ni Kiingereza, lazima awe pia wa kipato cha chini. Barua ya stempu za chakula inatosha, na anayeishi kwenye eneo la sensa lenye umaskini wa asilimia 25 au zaidi huhesabiwa wa kipato cha chini.

Jambo ambalo hata wakongwe husahau: anayesoma Kiingereza kwenye darasa la elimu ya watu wazima linalolipiwa na WIOA bado huhesabiwa yuko nje ya shule. Kwa hiyo madarasa hayo ndiyo mahali pa kwanza pa kuwatafuta. Cheti cha sekondari kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kinachukuliwaje? Sera ya jimbo ndiyo itakayojibu. Uliza kwa maandishi, jibu ulitunze.

Makwazo mawili huwaangusha vijana wetu mlangoni. Kibali cha kufanya kazi ni lazima kithibitishwe, kwa hiyo hati ya kuingia nchini, I-94, iliyopotea ni ya kushughulikiwa kwanza. La pili ni Selective Service, daftari la wanaume wanaoweza kuitwa jeshini. Mwanaume wa miaka 18 hadi 25 hutakiwa awe kwenye daftari hilo, mkimbizi naye, na mhamiaji alipaswa kujiandikisha ndani ya siku 30 za kuingia nchini. Aliyefika na miaka 22 na hakuambiwa, akaja kwako na 24, lazima ahakikishe yumo kwenye daftari hilo kabla ya kusajiliwa kwenye programu. Taja utaratibu huu kwenye andiko. Wasomaji wa jopo wanajua ni tatizo la kweli.

Huduma 14

Sheria inataka huduma 14 zipatikane kwa vijana wa eneo: msaada wa masomo, kuwarudisha walioacha shule, uzoefu wa kazi, mafunzo ya stadi za kazi, elimu inayofundishwa sambamba na maandalizi ya kazi, uongozi, misaada kama nauli na malezi ya watoto, ulezi wa mtu mzima usiopungua miezi 12, ufuatiliaji usiopungua miezi 12 baada ya kumaliza, ushauri nasaha, elimu ya fedha, ujasiriamali, taarifa za soko la ajira, na maandalizi ya kwenda chuo.

Hulazimiki kuzitoa zote mwenyewe. Andiko bora lina jedwali la mistari 14: huduma, anayeitoa, mahali, na hati ya makubaliano iliyosainiwa. Benki inayokubali kufundisha elimu ya fedha bila malipo ina thamani kuliko aya tatu za ahadi. Barua za «tunawaunga mkono» zisizotaja idadi ya vijana, saa wala jina la mhusika hazipati alama nyingi.

Jopo linatafuta nini

Serikali kuu haijapanga mgawanyo wa alama. Kila bodi ina wake. Mfano wa kawaida wa alama 100: uzoefu na matokeo 25, mpango wa huduma 35, waajiri na washirika 15, bajeti 15, uwezo wa kifedha 10. Andika kwa mpangilio uleule wa RFP, kwa vichwa vilevile. Msomaji ana maandiko kadhaa mezani na karatasi ya alama mkononi. Asichokiona chini ya kichwa chake, kwake hakipo.

Kanuni zinaitaka bodi izingatie kama mtoa huduma anaweza kufikia vipimo vya WIOA. Kwa vijana ni hivi: kuwa kazini, shuleni au kwenye mafunzo katika robo ya pili baada ya kutoka kwenye programu, na tena robo ya nne, kipato cha kati cha robo ya pili, kupata cheti akiwa bado kwenye programu au ndani ya mwaka mmoja wa kutoka, hatua za stadi zinazopimika wakati bado yumo, na huduma kwa waajiri. Kutoka maana yake siku 90 zimepita bila huduma na bila nyingine iliyopangwa. Ufuatiliaji hauzuii saa hiyo kukimbia, kwa hiyo kijana uliyemsahau miezi mitatu ametoka hata kama hukutaka.

Kwenye vyeti mashirika mengi hujichongea. Cheti cha usalama kazini cha saa 10 na kile cha kugusa vyakula havihesabiki. Uuguzi msaidizi na leseni ya udereva wa malori vinahesabika. Cheti cha sekondari kinahesabika pale tu kijana anapokuwa pia kazini au kwenye masomo ya juu ndani ya mwaka baada ya kutoka. Kwa vijana wanaojifunza Kiingereza, kipimo chako cha nguvu ni hatua za stadi: jaribio la TABE au CASAS (mitihani ya kupima stadi za watu wazima) mwanzoni, lingine baada ya saa za darasa zinazotakiwa, na kupanda ngazi moja kunakuhesabia. Panga tarehe za jaribio la pili ndani ya andiko. Kijana aliyepanda lakini hakupimwa hana alama yoyote.

Tazama sentensi mbili zinazojibu swali moja, «Mtawapataje vijana?» Ya kwanza: «Shirika letu lina uhusiano mzuri na jamii na litawafikia vijana wengi wenye uhitaji.» Ya pili: «Mratibu atakuwa kwenye madarasa ya Kiingereza ya kaunti Jumanne na Alhamisi jioni. Katika kila vijana 10 watakaojaza fomu ya awali, tunatarajia 6 watimize vigezo na 4 wakamilishe hati ndani ya siku 30. Ili kusajili 30 tutazungumza na 75 kati ya Julai na Desemba.» Ya pili inaweza kuwa na makadirio yasiyotimia sawasawa, lakini msomaji anaona kwamba mwandishi ameshawahi kukusanya hati za kijana mmoja baada ya mwingine.

Bajeti na fedha za mkononi

Chukua mfano wa mkataba wa dola 240,000 kwa vijana 30, yaani dola 8,000 kwa kijana. Jopo litalinganisha namba hiyo na za wengine. Kuwa juu si kosa kama vijana wako wanahitaji saa nyingi za Kiingereza, ila sema hivyo waziwazi. Kuwa chini mno huwatia shaka.

Sheria inataka angalau asilimia 20 ya fedha za vijana za eneo, ukitoa za utawala, ziende kwenye uzoefu wa kazi, na bodi huwawekea watoa huduma sharti hilo, wakati mwingine kwa kiwango cha juu zaidi. Kwa mfano wetu ni dola 48,000. Vijana 18 wakifanya saa 160 kwa dola 15, mishahara ni 43,200. Ongeza mchango wa mwajiri wa asilimia 7.65, dola 3,304.80, jumla 46,504.80. Bado 1,495.20. Muda wa mfanyakazi anayetafuta waajiri na kuwasimamia vijana kazini unahesabika humo, kwa hiyo pengo linazibika, mradi saa zake zimerekodiwa kando. Usisahau bima ya ajali kazini. Mwajiri wa kwanza ataiuliza.

Gharama za uendeshaji wa jumla: shirika lisilo na kiwango kilichokubaliwa na serikali linaweza kudai asilimia 15 tangu Oktoba 2024, badala ya 10 ya zamani. Lakini asilimia hiyo haipigwi kwenye bajeti nzima. Kodi ya jengo, vifaa vikubwa, posho na nauli za washiriki hutolewa kwanza. Ukizidisha 240,000 kwa 0.15 utakuwa umeonyesha ukurasa wa kwanza kwamba kanuni hukuzisoma.

Sasa lililo gumu kuliko yote. Mikataba hii mingi hulipwa kwa kurejeshewa: unatumia, unaleta ankara na vielelezo, unalipwa. Kwa mfano wetu unatumia dola 20,000 kwa mwezi. Ankara ya Julai unaipeleka tarehe 10 Agosti; ikirudishwa kwa sababu karatasi moja ya saa haina saini, unalipwa karibu tarehe 20 Septemba. Kufikia siku hiyo umeshatoa mfukoni zaidi ya dola 50,000. Jopo linaijua hesabu hii, ndiyo maana linauliza akiba yako au mkopo wa dharura wa benki. Shirika lenye dola 8,000 benki, hata liwe na mpango mzuri vipi, litaonekana hatari. Jibu la kweli ni barua ya benki, au ubia na shirika kubwa litakalobeba malipo ya kwanza.

Kuwasilisha

RFP ikitoka, kuwasiliana na wajumbe au watumishi nje ya anwani iliyotajwa kunaweza kukuondoa kabisa. Maswali huulizwa kwa maandishi kabla ya tarehe fulani, na majibu hutangazwa kwa wote. Majibu hayo ni sehemu ya masharti. Angalia kama barua ya nia au mkutano wa wazabuni ni wa lazima. Usipohudhuria, andiko lako halitasomwa.

Kabla ya alama hupita mchujo wa ukamilifu. Humu hufa maandiko mazuri: saini imekosekana, kurasa zimezidi, fomu ya kuthibitisha kwamba shirika halijafungiwa haikuambatishwa, au mfumo umefungwa saa 10:00 jioni na wewe ulikuwa bado unapandisha faili. Peleka siku moja kabla. Mpe mtu ambaye hakuandika asome RFP na kuweka alama ya tiki kila panaposema «lazima».

Baada ya alama, walio juu huitwa kwenye mahojiano. Mpeleke atakayeiendesha programu, asiwe mwenyekiti peke yake, maswali huwa ya aina ya «kijana amekosa kazini siku mbili, nani anampigia simu?» Kisha bodi hufanya tathmini ya hatari, hujadiliana nawe bajeti, na huweza kukupa vijana 20 badala ya 30. Kama idadi mpya haimlipi tena mratibu, kataa au punguza malengo. Kukubali fedha pungufu kwa malengo yaleyale ni njia ya kufeli mwaka wa kwanza.

Ukikosa, ukipata

Ukikosa, omba karatasi za alama na maelezo ya ana kwa ana. Ukiona utaratibu ulikiukwa, RFP inasema ndani ya siku ngapi uwasilishe pingamizi. Siku hizo huwa chache, na pingamizi hupinga utaratibu, si maoni ya jopo kwamba mwingine alikuwa bora.

Ukipata, wiki ya kwanza tengeneza faili moja la mfano lenye kila kitu: uthibitisho wa umri na kibali cha kazi, hali ya shule siku ya usajili, kigezo kilichomwingiza, majaribio ya stadi, mpango wake binafsi, kumbukumbu za kila mazungumzo zenye tarehe, na karatasi za saa zenye saini ya kijana na ya msimamizi. Mpelekee afisa wa bodi alikague kabla hujasajili kijana wa pili. Bodi hukagua kila mwaka, na huchukua mafaili machache bila kukuruhusu uchague. Kijana ambaye kigezo chake hakina hati huondolewa, na mishahara, nauli na ada zilizotumika kwake huweza kudaiwa kutoka fedha za shirika lenyewe. Mafaili hayo yatunzwe angalau miaka 3 baada ya taarifa ya mwisho ya fedha, au zaidi kama bodi imesema hivyo kwenye mkataba.